Mtamba Aliyesifiwa kwa Kiingereza

Sabuni ya kufulia ikichanganyika na pumzi ya ng'ombe hutoa harufu ambayo siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajaisikia. Si mbaya, wala si nzuri. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Makole, mjini Dodoma, alianika shuka karibu mno na uzio wa mtu anayefuga, na nilipopita nikamkuta ng'ombe ametia pindo la shuka mdomoni, anatafuna taratibu, macho kayafumba nusu kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Jirani alipiga kelele. Mimi nilisimama palepale nikacheka peke yangu, mpaka akaniuliza kwa hasira kama ng'ombe yule ni wangu. Sikuweza kumjibu kwa kifupi, kwa hiyo ninawajibu ninyi kwa kirefu.

Nilizaliwa upande wa Msalato, katika tembe la baba yangu, wakati nchi hii ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Nilipopata akili, reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma, na tulipokwenda kuokota kuni tuliweza kuona moshi wa gari la moshi kabla ya kusikia sauti yake. Si mbali na kwetu, juu ya kilima chenye mawe makubwa, palikuwa na misheni ndogo ya Waingereza. Msishangae. Wajerumani ndio waliotawala, lakini Waingereza wa dini walikuwa wamekaa Ugogo tangu zamani, wakaachwa waendelee kufundisha mradi wasiguse mambo ya serikali.

Mwalimu wetu sisi wasichana alikuwa Bibi Edita. Alikuwa mrefu na mwembamba, na kofia yake ilikuwa pana hata mvua ilipomkuta njiani mabega yake yalibaki makavu. Asubuhi alitufundisha kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Alasiri, pale barazani kwake, alitufundisha wachache wetu Kiingereza, si kwa sababu ya kazi yoyote, bali, kama alivyosema mwenyewe, alitamani kuisikia lugha ya kwao katika kinywa cha mtu mwingine, maana ya kinywa chake alikwisha kuichoka.

Mwalimu mwingine angeanza na majina ya vitu: hiki kiti, kile kikombe. Bibi Edita alianza na adabu. Alituambia kwamba kwao ukikutana na mtu humpi heshima kwa kuinamisha macho, bali kwa kuonyesha kwamba mambo yake yanakuvutia. Kwa hiyo maneno yetu ya kwanza yalikuwa ya kuuliza. *I should like to know*, yaani ningependa kujua. *Tell me about*, yaani nieleze habari za kitu fulani. Na kubwa kuliko yote, *I am very much interested in*, ambayo kwa Kiswahili changu cha leo ningesema: jambo hili limenivuta, nami nataka kulifahamu zaidi.

Katika matumizi ya hii ya mwisho alikuwa mkali kama hakimu. Sentensi ile, alisema, si ya njaa wala ya tamaa. "Ukitaka ugali, usiseme unavutiwa na ugali. Sema una njaa, utapewa. Sentensi hii inaomba habari tu." Tena haikutosha kuisema. Ukishaisema, unainua uso, unapandisha nyusi kidogo, unangoja. Hapo ndipo tuliposhindwa. Sisi tulikuwa tumelelewa kutazama chini mbele ya mkubwa, na sasa tunaambiwa tumkazie macho na kumpandishia nyusi. Tulipojaribu, nyuso zetu zilikuwa za watu waliokanyaga mwiba. Bibi Edita alipita akitunyanyua videvu mmoja mmoja kwa kidole, kama mtu anayepanga vibuyu vilivyolala ubavu.

Siku moja Mjerumani wa boma alipita kukagua shule akatukuta barazani tukiimba kwa pamoja kwamba tunavutiwa mno na hali ya hewa. Alisikiliza, akasema kwa Kiswahili kizuri sana, "Bibi, unawapotezea watoto muda. Kiingereza hakina kazi katika nchi hii." Bibi Edita akamjibu kwamba hakifundishi kwa ajili ya kazi, anakifundisha kwa ajili ya adabu. Mjerumani akacheka, akanywa chai, akaenda zake. Alikuwa amesema kweli, na kweli yake ilidumu miaka michache.

Sasa ni lazima niwaeleze desturi ya kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Kwetu, kusifu kitu cha mtu mbele yake ni kukiomba. Ukiingia katika nyumba ukasema, "Kibuyu hiki kizuri," mwenye kibuyu ana njia mbili tu. Ama akupe, ama awahi kusema kwamba kina ufa. Ndiyo sababu nyumba za kwetu, ukisikiliza mazungumzo, utadhani hazina kitu kizima: kigoda kimepinda, jembe limelika, mbuzi ana kikohozi. Na mtu mwenye adabu akiingia mahali hutazama miguu yake, husalimia "Mbukwa," hukaa anapoonyeshwa, na hata kama mbele yake kumefungwa chui hatauliza. Mtoto aliyesifu chungu cha jirani alipigwa kofi, kwani jirani akilazimika kukitoa angepikia kitu gani?

Na baba yangu alikuwa mtu wa desturi kuliko wote. Alikuwa pia na mtamba mwekundu mwenye madoadoa meupe mgongoni, tukimwita Matone. Katika zizi letu hapakuwa na mwingine wa kumfikia. Kaka yangu Madeha alikuwa ameposa, na wakwe walipokuja kuona mifugo ya mahari walipita katikati ya ng'ombe wote bila kusema neno, kama inavyotakiwa, ila baba mkwe aliposimama mbele ya Matone alikohoa. Kila mtu alielewa kikohozi kile. Bila Matone, hakuna harusi. Tangu siku hiyo Madeha alimchunga kama anavyochungwa mgonjwa, na jioni alimkwanyua kupe mmoja mmoja huku akimsimulia kwa sauti ya chini mambo ambayo nadhani alitakiwa kumwambia mchumba.

Basi, Bibi Edita akaja kututembelea.

Alikuwa akijua Kiswahili vizuri, na Kigogo cha kusalimia. Lakini adabu yake ilikuwa bado ya kwao, na aliileta yote. Baba alimkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Bibi Edita akainuka tena, akakigeuza, akakitazama chini na juu, akasema, "Mzee, kigoda hiki ni kizuri ajabu! Ningependa sana kujua kimechongwa na nani."

"Ni chako, Bibi," alisema baba.

Bibi Edita alishangaa kidogo, akashukuru. Kisha akaona kibuyu cha maziwa kilichotiwa shanga shingoni. "Na hiki! Nieleze habari za shanga hizi."

"Chukua, Bibi," alisema baba.

Mama alikuwa mlangoni. Alipoona macho ya mgeni yanaelekea kwenye chungu chake kikubwa alisema kwa haraka, "Kina ufa!" na kwa ungo, "Umetoboka!" na kwa kuku aliyepita, "Huyo hatagi!" Bibi Edita alimtazama kwa huruma. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikijua fika kwamba mgeni wetu anaomba habari tu, lakini mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa, tena nani angenisikiliza? Nilibaki nikimpandishia baba nyusi, kwa kuwa ndilo nililofundishwa, naye akanikodolea macho akidhani nimeingiwa na mdudu jichoni.

Ng'ombe wakarudi kutoka machungani. Madeha alikuwa nyuma yao, na Matone mbele.

"Oh!" alisema Bibi Edita, akasimama. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Alimwendea Matone akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee, huyu ni mzuri kuliko ng'ombe wote niliowaona katika nchi hii. Moyo wangu umevutwa. Nieleze habari zake zote!"

Nilimtazama baba. Midomo yake ilifunguka, na kwa muda mfupi nilitumaini atasema mtamba ana kikohozi. Lakini mtamba alikuwa pale, anang'aa, na kila mtu angeona ni uongo.

"Ni wako, Bibi," alisema baba.

Madeha aliketi chini palepale, juu ya samadi.

Nilitarajia Bibi Edita akatae, na nadhani alitaka kukataa, kwa sababu aligeuka mwekundu akafungua mdomo akaufunga. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ahsante sana, Mzee." Tuliwatazama wakishuka njiani, yeye na kofia yake, na Matone akifuata kamba kwa utii, bila kugeuka nyuma.

Usiku ule mama hakumsemesha baba. Alizungumza na sufuria. "Sufuria wee," alisema, "mwanangu ataoa lini? Ataoa kigoda? Aa, samahani, hata kigoda hakipo." Baba alivuta ugoro. Kumdai mtu kitu ulichompa ni jambo ambalo angekufa kabla ya kulifanya. Kulikuwa na njia moja tu ya heshima: mtu wa nyumbani kwetu aende kwa Bibi Edita amsifu Matone mbele yake, naye, kama ni mtu, atamtoa. Na ni nani aliyekuwa akienda kwa Bibi kila alasiri, tena anayejua kusifu kwa lugha yake mwenyewe?

"Sechelela," alisema mama, akinigeukia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye faida, "kesho ukamsifu yule mtamba. Msifu mpaka uchoke."

Kesho yake nilifika mapema. Matone alikuwa amefungwa chini ya mti nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Nilisimama sawasawa mbele ya Bibi Edita, nikainua uso, nikapandisha nyusi, nikasema bila kukosea hata herufi: "*I am very much interested in your cow.*" Kisha nikangoja nipewe kamba.

Bibi Edita alipiga makofi. Macho yake yalimeremeta. Alivuta kiti, akanikalisha, akanieleza habari za ng'ombe yule kwa muda mrefu sana. Alinieleza amelalaje, amekunywa maji kiasi gani, na kwamba amemwita Deizi, ambalo ni ua dogo jeupe la kwao, kwa sababu ya yale madoa. Akanieleza ua lenyewe linaota wapi. Kisha akanipa biskuti, akawaambia wenzangu kwamba Sechelela peke yake ndiye aliyeitumia sentensi ile kama inavyotakiwa.

Nilirudi nyumbani na biskuti.

"Amempa jina?" aliuliza mama. Aliposikia ndiyo, aliketi. "Basi huyo harudi."

Lakini hatukukata tamaa. Siku iliyofuata nilimjia kwa *Tell me about*, nikaelezwa jinsi maziwa yanavyogeuzwa jibini huko kwao. Siku nyingine nikaja kwa *I should like to know*, nikapata habari za shamba la babu yake, matope yake, na fahali aliyewahi kuingia kanisani. Kila siku nilisifu vizuri zaidi, na kila siku nilirudi na habari nyingi zaidi na kamba hakuna. Kiingereza changu kilikua kama mtama wa masika. Mtamba alibaki palepale.

Aliyeteseka pale misheni alikuwa mpishi, Feruzi, Mwislamu wa mjini Dodoma ambaye babu yake alikuja bara na misafara ya wafanyabiashara. Feruzi alijiona mtu wa mji na sisi sote watu wa porini, na sasa alikuwa akichunga ng'ombe. Matone alikuwa amegundua nguo zenye sabuni.

"Hebu njoo hapa, wewe mtoto wa Kigogo," aliniita siku moja, akinionyesha shuka ambayo katikati yake paliweza kupita kichwa cha mtu. "Huyu ni ng'ombe au ni nondo? Juzi kala taulo. Jana kala aproni yangu, na mfuko wake, na ndani ya mfuko mlikuwa na iliki!"

"Kwetu alikuwa anakula majani," nilisema.

"Kwenu hamna shuka!"

Hilo lilikuwa kweli.

Wakati huo habari zilikuwa zimeenea kijijini kwamba Bibi wa misheni akisifu haachi kitu. Ilipoonekana kofia yake inapanda njia, watu waliingiza ndani vigoda, vibuyu, ungo na kuku, wakatoa nje vyungu vilivyopasuka na mkeka uliooza, wakakaa juu yake wakimngoja. Jirani yetu mmoja alimficha hata mtoto wake mchanga, kwa kuwa alikuwa mnene. Bibi Edita alipita nyumba hata nyumba akiona umaskini uliomwingia moyoni. Jumapili yake aliwaombea watu wa upande wetu kwa machozi, kisha akatugawia mablanketi.

Mwishowe baba alikwenda mwenyewe. Alivaa kanzu, akachukua fimbo, akanichukua na mimi. Alisimama mbele ya Matone akamsifu kwa Kiswahili, kisha kwa Kigogo, akianzia pembe, akiteremka mgongo, akimalizia kwato, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezika. Bibi Edita alimsikiliza kwa furaha kubwa. "Ahsante, Mzee," alisema. "Nami kila nikimtazama nakukumbuka wewe uliyenipa." Akamwingiza ndani apate chai. Baba, kwa kuwa hakuwa na pa kugeukia, alisifu saa ya ukutani. Bibi Edita akaiteremsha, akaifungua mgongo, akamwonyesha magurudumu yake mpaka chai ikapoa. Tulipokaribia nyumbani baba alisimama akasema, "Yule mwanamke, ama ana moyo wa jiwe, ama ana akili kutushinda wote." Akatembea kidogo. "Saa nimeielewa, lakini."

Kisha wakwe wakatuma ujumbe. Mwezi ukiandama wangekuja kuwachukua ng'ombe, na baba mkwe alikuwa ametaja madoa meupe. Madeha aliacha kula. Alikaa nje ya zizi akishika kamba tupu, na mama hakuzungumza tena na sufuria, jambo lililotutisha zaidi.

Alasiri ile nilipanda kilima nikiwa nimechoka na adabu zote mbili. Bibi Edita alikuwa akishona shuka viraka. Wenzangu hawakuwa wamefika. Sikupandisha nyusi. Nilitazama chini, kama nilivyolelewa, na machozi yakanitoka, nikasema kwa Kiingereza sentensi ambayo hakunifundisha nzima, niliiunga mwenyewe: ningependa kujua kwa nini tumemsifu ng'ombe yule siku zote hizi nawe hutupi.

Sindano ilisimama. "Niwape?" alisema kwa Kiswahili. "Kwa nini niwape?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya kibuyu na ufa, kigoda, kikohozi cha baba mkwe, Madeha na kamba yake. Nilimweleza hata habari ya mtoto mnene aliyefichwa. Kadiri nilivyoendelea, wekundu ulimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele.

"Kwa hiyo niliposema mtamba ni mzuri…"

"Ulimwomba, Bibi."

"Na kigoda?"

"Ulikiomba."

"Na mablanketi, mimi nilidhani…" Akajifunika uso kwa ile shuka, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na alicheka mpaka Feruzi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona nani anakufa.

Alipoweza kusema alinieleza upande wake. Alipofika Ugogo mara ya kwanza, wenzake waliomtangulia walimwonya: Mgogo akikupa zawadi usikatae, na ukishaipokea usiirudishe kamwe, utakuwa umemtukana yeye na wazee wake. Alipopewa Matone hakulala. Hakutaka ng'ombe. Hakujua kukamua, na hakuwa na zizi. Tangu siku ile alikuwa akimwomba Mungu njia ya kumwondoa bila kumuumiza baba yangu, na mimi nilipoanza kuja kila siku kuuliza habari za ng'ombe, alidhani nyumbani kwetu tunakagua kama zawadi yetu inatunzwa. Kwa hiyo alinieleza kila kitu, hata maji anayokunywa.

"Anaondoka?" aliuliza Feruzi.

"Anaondoka," alisema Bibi Edita.

"Alhamdulillahi," alisema Feruzi, akaingia jikoni, na tulimsikia akiimba.

Lakini ilibidi mambo yaende kwa heshima. Kesho yake baba aliitwa kunywa chai. Alikuja na kanzu yake. Nilikuwa nimemfundisha Bibi Edita la kusema, na baba nilikuwa nimemwambia tu, "Jaribu mara moja tena." Wakasimama wote wawili mbele ya Matone, ambaye alikuwa akitafuna kitu cheupe.

"Bibi," alisema baba bila tumaini, "huyu mtamba ni mzuri."

"Ni wako, Mzee," alisema Bibi Edita.

Baba alimtazama. Akanitazama mimi. Kisha uso wake ukakunjuka, uso wa mtu aliyekuwa akipiga hodi tangu asubuhi na sasa amesikia karibu. Alipokea kamba kwa mikono miwili. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa desturi, hakushukuru kwa maneno mengi. Alisema, "Sasa wewe ni mtu," ambayo kwetu ni sifa kubwa, ingawa katika Kiswahili haisikiki vizuri.

Wakwe walikuja, baba mkwe akakohoa, Madeha akaoa. Kazi yangu pale kilimani ilikuwa imekwisha, wala mama hakunituma tena.

Na hata hivyo, harusi ilipopita, nilijikuta alasiri moja nimepanda tena kabla ya wenzangu. Sikuwa nimetumwa na mtu. Katika zile siku za kumsifu Matone nilikuwa nimeelezwa nusu nusu habari za matope, maua, fahali wa kanisani, na bila kujua nilikuwa nimeanza kuzingoja. Ukutani, karibu na ile saa, palikuwa na picha ya mwanamke kijana amesimama kwenye lango, kashika kofia ili upepo usiichukue. Nilikuwa nikiitazama kwa siri tangu nianze kuja. Nilitaka kujua ni nani, na upepo ule ulikuwa wa wapi.

Niliinua uso. Nyusi zilipanda zenyewe. "*I am very much interested in that picture,*" nilisema, na kwa mara ya kwanza sentensi ile haikuwa na ng'ombe nyuma yake.

Bibi Edita aliitazama picha. Kisha akainuka, akaitoa kwenye msumari, akaifuta vumbi kwa mkono wa gauni lake, akaiweka mikononi mwangu.

"Ni yako, Sechelela," alisema, akatabasamu kama mwanafunzi aliyejibu vizuri.

Nilitaka kusema hapana. Lakini zawadi hairudishwi, na yeye alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua. Nilisema ahsante. Nilishuka kilima nikiwa nimeikumbatia picha, na mama alipoiona alijishika kichwa. "Umemwomba ndugu yake!" alisema. Tuliitundika ndani ya tembe, mahali pa heshima, tukangoja Bibi aje aisifu ili baba aiteremshe na kumpa. Alikuja. Alisimama mbele yake, mikono kaifunga nyuma. Tulimtazama sote, na baba alikuwa amekwisha kuinuka nusu. Lakini Bibi Edita alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Alitazama miguu yake, akasema "Mbukwa," akaketi alipoonyeshwa, na hakusifu kitu. Hakusifu tena kitu chochote katika nyumba zetu tangu siku ile.

Nami sikuthubutu kumuuliza tena habari za mwanamke yule. Niliogopa nikiuliza atanipa na saa.

Kisha vita vikaja. Wajerumani wakawakusanya Waingereza wote wa misheni wakawapeleka Tabora kuwafunga, na Bibi Edita hakurudi kilimani. Waingereza wengine walipoitwaa nchi, Kiingereza kikapata kazi. Nilijifunza kilichobaki peke yangu, kwa vitabu vya kuazima, sura kwa sura, na ni katika miaka hiyo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile ya picha hakuna kati yetu aliyekosea. Mimi nilisema sawasawa kwa desturi yake, naye alijibu sawasawa kwa desturi yangu. Tulikuwa kama watu wawili waliotoka siku moja kwenda kutembeleana kwa njia tofauti, kila mmoja akakuta mlango wa mwenzake umefungwa.

Picha ninayo, ipo ukutani hapa Makole. Wageni wenye adabu ya zamani huketi chini yake wakitazama miguu yao. Vijana wanaofanya kazi maofisini huniuliza moja kwa moja: mama, huyu Mzungu ni nani?

"Sijui," huwaambia. "Niliuliza, nikapewa."